Mchezo wako ulipiwe na nani? Njia 4 za pesa na mahali kila moja inapobana

Tulipokuwa tukitengeneza mchezo wa bao wa simu, mimi na wenzangu wawili, kampuni moja ya kusambaza michezo ilikubali kutulipa kwa sharti moja: kila baada ya zamu 3, litokee tangazo. Anayelijua bao la Kiswahili ameshaona tatizo. Zamu moja inaweza kuzunguka mashimo yako 16 na kupitiliza, kete zikidondoka moja moja, na mchezaji anahesabu kichwani mkono utaishia wapi. Ukimkatiza hapo, hesabu imekwisha. Tukakataa. Miezi michache baadaye akiba ikaisha, na bao letu likalala kwenye kompyuta yangu.

Bado naamini tulifanya sawa kukataa. Kosa letu lilikuwa la nyuma zaidi: hatukuwahi kujiuliza ni pesa ya aina gani ambayo mchezo kama bao unaweza kuivumilia. Tulidhani pesa ni pesa. Ukisikiliza mabishano ya vijana wanaotengeneza gemu, wengine watakuambia biashara imeua ubunifu, wengine watasema bila biashara hakuna mchezo unaokamilika. Wote wana mifano ya kweli, na mwenye wazo na kodi ya nyumba hatoki na jibu. Ninachokiona mimi ni kwamba kila pesa ina mahali pake inapoubana mchezo. Nyingine hubana wazo, nyingine hubana mchezo wenyewe unavyochezwa, nyingine hubana mwili wako.

Njia ninazozilinganisha ni 4. Ya kwanza ni mchapishaji: kampuni inakulipa utengeneze, inauza, na inajirudishia gharama zake kabla hujaona faida. Ya pili ni kujilipia kwa akiba au kazi ya mchana, kisha kuuza mara moja kwa bei moja. Ya tatu ni mchezo wa bure wa simu, ambao pesa yake hutoka kwenye matangazo na vitu vinavyonunuliwa ndani. Ya nne ni michango: wachezaji wanatoa pesa kabla mchezo haujakamilika.

Nitazipima kwa maswali yaleyale. Neno la mwisho ni la nani? Saa inashikwa na nani? Pesa inabana wapi? Mwishoni unabaki na nini mkononi?

Neno la mwisho

Kwa mchapishaji, neno la mwisho limo kwenye mkataba, hasa kwenye kipengele cha malipo ya awamu. Unalipwa sehemu baada ya kuonyesha kazi fulani imekamilika, na anayekagua ni yeye. Hata mchapishaji mpole anaamua mengi bila kufungua mdomo. Ukijua mwezi wa tatu lazima uonyeshe ngazi ya kwanza inayong'aa, utaipamba hiyo, na ngazi ya nne, ambayo ndiyo yenye wazo lako, itangoja. Nguvu yako ya kukataa iko kabla ya kutia saini. Baada ya hapo unaomba.

Ukijilipia, neno ni lako tupu. Eric Barone alitengeneza mchezo wa Stardew Valley peke yake kwa takriban miaka 4 na nusu: picha, muziki, maandishi na msimbo. Wakati huo alikuwa akifanya kazi ya kuwaonyesha watazamaji viti vyao katika ukumbi wa maonyesho mjini Seattle. Picha alizichora, akazifuta, akazichora upya kadiri mkono wake ulivyokua. Ni vigumu kumpata mlipaji wa awamu ambaye angevumilia hilo.

Katika mchezo wa bure, neno la mwisho huwa la takwimu. Wangapi wamerudi siku ya pili? Siku ya 7? Siku ya 30? Mtu hakatazwi kubuni, lakini wazo linalohitaji wiki tatu ili mchezaji alipende halifiki wiki ya pili. Supercell ya Finland imeigeuza hali hii kuwa utaratibu wa kazi: timu ndogo zenye uhuru mkubwa, na ujasiri wa kuufuta mchezo usiowashika watu. Kuanzia 2012 hadi 2018 ilitoa kwa dunia nzima michezo 5 tu. Mmoja wao, Brawl Stars, ulikaa kwenye majaribio kuanzia Juni 2017 hadi Desemba 2018, na njiani hata namna ya kuishika simu ikabadilishwa, kutoka wima hadi kulala. Huo ni ubunifu wa dhati. Ila tazama nani anaumudu. Kampuni tajiri hufuta michezo na kuendelea. Timu ya watu watatu ikifuta mmoja, imefuta akiba yake.

Kwa michango, neno ni lako kisheria, lakini chumbani kuna watu elfu kadhaa waliokwisha kulipa.

Saa

Hapa sitakaa sana. Mchapishaji ana kalenda, na kalenda yake ina sikukuu. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha mwaka 1982: Atari ilimpa Howard Scott Warshaw wiki kama 5 kutengeneza mchezo wa filamu ya E.T. ili uwahi Krismasi. Kaseti ambazo hazikuuzwa zilizikwa kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 zikafukuliwa. Warshaw hakuwa mtu wa kubahatisha; michezo yake ya awali ilisifiwa. Alinyimwa siku.

Anayejilipia anashikwa saa na kodi ya nyumba, na wenza, na mgongo unaouma. Mchezo wa bure unakupa tarehe nyepesi ya kutoka, kisha hakuna tena tarehe ya kumaliza: kila msimu wanataka kitu kipya, hadi siku utakapouzima. Kwa michango, tarehe uliiandika mwenyewe ukiwa na furaha.

Mahali inapobana

Mchapishaji hubana wazo, tena mwanzoni kabisa. Mtu anayetoa mamilioni hutafuta kilichokwisha kuuza, na mchezo mkubwa unachukua miaka, kwa hiyo unafika sokoni ukifuata kilichopendwa zamani. Concord wa Sony ulitoka tarehe 23 Agosti 2024, mchezo wa mashujaa wanaopigana kwa risasi timu kwa timu, kwenye uwanja uliokwishajaa michezo ya aina hiyo, mingine ya bure. Uliuzwa dola 40. Tarehe 6 Septemba ukazimwa, wanunuzi wakarudishiwa pesa, na mwezi uliofuata studio ikafungwa. Waliouchora na kuuandikia walikuwa na ujuzi wao. Swali la kama dunia ilihitaji mchezo ule lilifungwa miaka mingi kabla.

Lakini haki lazima itendeke. Hi-Fi Rush, uliotoka Januari 2023, ni mchezo wa mapigano yanayokwenda na mdundo wa muziki, wenye rangi za katuni, na uliundwa na Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyokuwa ikijulikana kwa michezo ya kutisha. Wazo hilo geni lililipiwa na kampuni kubwa. Studio ilikuwa chini ya Microsoft wakati huo. Ukapata sifa na tuzo. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio. Ndani ya kisa hiki kimoja mchapishaji yumo kamili, mkono unaotoa na mkono unaofunga.

Kujilipia hakubani wazo. Kunabana ukubwa wake, kwa sababu mtu mmoja ana mikono miwili, na kunabana namna mchezo unavyojieleza dukani. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hutoza dola 100 tu kuuingiza mchezo, kwa hiyo kila mwaka michezo humiminika kwa maelfu, na wako una sekunde chache za video kumshawishi mpita njia. Kipo kibano kingine kisichozungumzwa vya kutosha. Mnunuzi wa Steam anaweza kurudishiwa pesa akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya saa 2. Kanuni hiyo inawalinda wanunuzi, na naiunga mkono. Hata hivyo fikiria umetengeneza hadithi ya saa moja na nusu, kali, isiyo na neno la ziada. Mtu anaweza kuimaliza, kuipenda, na kudai pesa yake. Utajikuta unarefusha njia ya kwenda kisimani bila sababu, na mchezo uliokuwa shairi unakuwa hotuba.

Mchezo wa bure ndio unaoingia ndani zaidi, na hapa naomba unisikilize polepole. Njia nyingine hubana kando kando. Hii hubana kitovu. Katika Candy Crush Saga una roho 5, na ukipoteza moja inarudi baada ya dakika 30, au ununue. Katika Clash of Clans jengo huchukua saa, baadaye siku, au ulipe vito liishe sasa hivi. Kungoja kumekuwa bidhaa. Mbunifu wa mchezo wa aina hiyo ana kazi mbili zinazovutana: kuufanya mchezo uwe mtamu, na kuufanya utamu ukatike mahali ambapo mtu atatoa pesa. Wapo wanaozifanya zote mbili kwa ustadi mkubwa, na mamilioni ya watu wamecheza kwa furaha bila kutoa hata senti. Kwa kijana wa Mbagala au Kayole mwenye simu ya bei nafuu na asiye na kadi ya benki, hiyo ndiyo gemu anayoweza kuifikia. Sitaidharau njia inayomfikia.

Ubaya wake mkubwa huonekana inapochanganywa na njia nyingine. Novemba 2017 kampuni ya EA ilitoa Star Wars Battlefront II kwa bei kamili ya mchezo mkubwa, kisha ndani ikaweka masanduku ya bahati nasibu, ambayo hujui yana nini hadi uyafungue. Mchezaji mmoja alikokotoa kwamba kumfungua mhusika mmoja maarufu, Darth Vader, peke yake kungechukua kama saa 40. Wachezaji walikasirika kiasi kwamba manunuzi ya ndani yalizimwa kabla tu ya siku ya kutoka. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikatamka kuwa masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa, FIFA 18 ukiwemo, ni kamari.

Bure pia huwabana hata wasioichagua, kwa sababu inamzoesha mchezaji kutolipa. Threes! wa Asher Vollmer na Greg Wohlwend ulichukua miezi 14, namba zinazosukumwa na kuungana, ukatoka Februari 2014 kwa dola 2 hivi. Mwezi uliofuata kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, akaweka 2048 mtandaoni bure, kazi ya wikendi moja, unaofanana nao sana. Leo wengi wanaujua wa pili. Monument Valley wa ustwo, wa mwaka huohuo, uligharimu dola 852,000 na wiki 55, ukaingiza dola milioni 5.8 kufikia mwanzoni mwa 2015, kwa hiyo kuuza mara moja kwenye simu kuliwezekana. Lakini watengenezaji walieleza wenyewe kuwa kati ya simu za Android zilizouweka, takriban asilimia 5 tu ndizo zilizoulipia. Nasi huku karibu sote tunashika Android.

Michango hubana ahadi. Mbunifu wa Japani, Keiji Inafune, alipoomba dola 900,000 mwaka 2013 kwa ajili ya mchezo wa Mighty No. 9, alipewa zaidi ya milioni 3.8. Kila kiasi kilichoongezeka kilikuja na ahadi mpya: ngazi zaidi, mashine zaidi za kuchezea. Mchezo ulisogezwa mara kadhaa, ukatoka Juni 2016 na kuwavunja moyo wengi. Studio ya Double Fine nao mwaka 2012 waliomba dola 400,000, wakapata milioni 3.3, wakabuni mchezo mkubwa kuliko pesa, na Broken Age ukalazimika kutolewa vipande viwili, 2014 na 2015. Wingi wa pesa ndio uliowabana. Upande wa pili yuko Toby Fox: aliomba dola 5,000 kwa Undertale mwaka 2013, akiwa na kipande ambacho watu waliweza kukicheza tayari, akapata zaidi ya 51,000, akatengeneza mchezo uleule alioueleza. Team Cherry ya Adelaide, Australia, ilipata kama dola 57,000 za nchi hiyo kwa Hollow Knight. Ahadi yao ya nyongeza, mhusika wa pili wa kuchezwa, ilikua hadi ikawa mchezo kamili, Silksong, uliotangazwa 2019 na kutoka Septemba 2025. Waliweza kuchelewa hivyo kwa sababu mchezo wa kwanza ulikuwa umeshawalipa.

Kinachobaki mkononi

Kwa mchapishaji, soma kipengele cha hakimiliki kabla ya kile cha pesa. Jina la mchezo ni la nani? Wahusika? Mchezo wa pili unaamuliwa na nani? Tango ilipofungwa, haki za Hi-Fi Rush zilikuwa mikononi mwa wakubwa. Zilihama Agosti 2024 pale Krafton ya Korea Kusini ilipoinunua studio. Na usidhani suala hili linakoma kwa wachapishaji. Disco Elysium, uliotoka 2019, ulizaliwa na kundi la waandishi na wasanii wa Estonia. Waliopewa sifa ya kuubuni ulimwengu ule waliondoka kwenye kampuni, habari ikawekwa wazi Oktoba 2022, na pande mbili, wao na wenye hisa nyingi kwenye kampuni, zikalaumiana hadharani. Wahusika na mitaa ya mchezo vilibaki na kampuni. Mwekezaji mwenye hisa nyingi ana nguvu kuliko mchapishaji yeyote.

Ukijilipia, unabaki na vyote, ukiondoa makato. Steam huchukua asilimia 30, inayoshuka hadi 25 baada ya mauzo ya dola milioni 10. Apple na Google hutoza asilimia 15 kwa mtengenezaji mdogo asiyevuka dola milioni 1 kwa mwaka. Kisha lipo hili ambalo wengi wetu hulijua siku ya malipo: Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo sehemu yako ya mauzo ya Marekani kwenye Steam hukatwa kodi ya asilimia 30 kabla haijakufikia. Iweke kwenye hesabu mapema.

Mchezo wa bure unaotegemea seva hufa siku unapoacha kulipia seva. Wenye michango hukuachia kitu kingine, watu wanaokujua kwa jina. Tatizo ni mlango: orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuanzisha mradi Kickstarter, tovuti kubwa ya kukusanya michango hiyo, haina Kenya, Tanzania wala Uganda. Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilifanikiwa kupita hapo mwaka 2015 ikapata karibu euro 50,000 kwa ajili ya mchezo wake, Aurion, lakini pia ilikuwa imekusanya pesa kwa kuuza hisa ndogo ndogo kwa watu wengi. Kwetu, njia hiyo ya hisa za watu wa kawaida inastahili kuangaliwa zaidi kuliko inavyoangaliwa.

Kila njia na mtu wake

Mchapishaji anamfaa mwenye timu inayolipwa mshahara na wazo ambalo limekwisha kuonekana linacheza, lenye sura ambayo haitavunjika likisukumwa kidogo. Kujilipia kunamfaa mwenye wazo dogo la ajabu, au mwenye kazi nyingine isiyommaliza nguvu jioni. Bure inamfaa anayependa kweli kupima na kurekebisha, ambaye mchezo wake una mapumziko ya asili ndani yake. Michango ni ya mwenye kitu cha kuonyesha leo na uwezo wa kusema "hapana" kwa watu wanaompenda.

Ukiwa hapa ulipo sasa

Kama huna chochote cha kuchezwa bado, usiombe pesa ya mtu. Tengeneza dakika 10 kwanza. Mchapishaji atakupa masharti laini zaidi, na wachangiaji wataona wanacholipia.

Kama mchezo wako ni hadithi yenye mwanzo na mwisho, epuka bure. Hadithi haina mahali pa kuuza kungoja bila kuharibika. Jilipie, au tafuta mchapishaji mdogo atakayekuachia jina na wahusika, na ukiwa chini ya saa 2, uuze bei ndogo badala ya kuurefusha.

Kama una familia inayokutegemea na huwezi kukaa mwaka bila kipato, kujilipia kwa miaka 4 ni simulizi ya mtu mwingine. Kubali malipo ya awamu, lakini andika kwenye mkataba mambo mawili tu ambayo hayaguswi. Ukiandika kumi, hakuna litakalolindwa.

Kama wachezaji unaowalenga ni wa huku, wenye Android na salio la simu, bure ndiyo njia halisi. Chora kwanza mchezo mzima kwenye karatasi, tia alama pale ambapo mchezaji anapumua mwenyewe, na pesa iombwe hapo tu.

Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa, maana faili la bao tumelifungua tena. Katika zamu hakuna mahali pa kupumulia. Kati ya mchezo na mchezo papo, kete zote 64 zikiwa zinapangwa upya, kila mchezaji 6 kwenye shimo la nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na 22 mkononi. Tangazo litakaa pale, na mbao za nakshi za kununua zitakaa pale. Tumeanza kutafuta wa kuzichora.